Vibao vya Mwaka Jana na Maandishi ya Nyuma Yake



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha tena kwenye toleo la jarida letu, tunapenda kujibu swali ambalo tumeulizwa na wazazi wasiopungua saba tangu hafla ya mwaka jana ya kuwapongeza wahitimu. Swali lenyewe ni hili: kwa nini baadhi ya vibao vya majina walivyopewa watoto vimeandikwa pande zote mbili, mbele vizuri na nyuma vibaya kana kwamba vimeungua? Mzazi mmoja alidhani tumewapa watoto vibao vilivyokwisha kutumika. Mwingine alituambia amesikia kwamba kijana wa pale kwenye duka la leza aliviharibu kwa uzembe, na kwamba sisi walimu tuliona haya kusema. Hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu si kweli, na waliolianzisha ni sisi wenyewe.

Sisi wakazi wa Gerezani hatuna haja ya kuelezwa fundi ni nani. Mtoto wa hapa hukua akisikia nyundo na mashine za kuchomelea, na akitumwa dukani hupita katikati ya vipuri vya magari vilivyopangwa mpaka barazani. Miaka hii zimeongezeka kazi nyingine ndogondogo kuelekea Kariakoo: mihuri, ngao za michezo, beji za wafanyakazi, vibao vya milangoni. Zamani mhuri ulichongwa kwa mkono na kisu chembamba. Siku hizi nyingi huchorwa kwa leza, nayo ni mashine iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma kubwa kama meza ya mwalimu, yenye kifuniko cha kioo cheusheusi, imeunganishwa na kompyuta. Ukiandika jina kwenye kompyuta, kichwa cha mashine kinakwenda na kurudi juu ya ubao, na mwale wa leza unachoma herufi.

Tulikuwa na wahitimu 36. Wazazi walichanga, tukakubaliana kila mtoto apate kibao cha plaiwudi chenye jina lake kwa herufi za Kiarabu, irabu zikiwa kamili, na chini yake kwa herufi za kawaida. Fundi alituchorea sampuli kwenye kipande chake mwenyewe cha plaiwudi chenye unene wa milimita 6. Ilitoka safi. Nukta za herufi ungezihesabu, na sukuni ilikuwa kiduara chenye tundu katikati kama inavyotakiwa. Tukampa malipo ya awali tukaondoka na furaha.

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo hatukulieleza kwa mtu. Fundi alitutajia bei ya plaiwudi yake, tukaona kubwa. Tukaenda kwa maseremala, tukanunua mabaki ya plaiwudi yaliyokatwa kwenye kazi za makabati. Ilikuwa rahisi sana, na tulijiona tumewatendea wema wazazi. Hatukuangalia unene. Kumbe vipande vingine vilikuwa vya milimita 9 na vingine vya 12. Kwetu sisi mbao ni mbao.

Tulivipeleka siku ya Alhamisi, hafla ikiwa Jumapili. Fundi alikuwa ametoka kwenda kuswali Adhuhuri, tukamkuta kijana wake. Wakubwa wa madrasa wanamfahamu kijana huyu, maana alisoma kwetu miaka minne kisha akaacha, akaenda kujifunza kazi. Alitupokea kwa heshima, akavishika vibao, akasema, "Ustadh, hizi siyo kama ile ya sampuli. Ngoja kwanza nitafute kipimo, nishushe meza."

Tukamwambia hatuna muda. Akatafuta kidogo kwenye lile rundo la vipande vilivyokatwa, hakukiona kipimo chake, akatuomba tumsubiri fundi arudi. Tukamwambia tena kwamba hafla ni Jumapili na kwamba sampuli tulishaikubali, basi achore kama sampuli. Kijana yule alifundishwa na sisi wenyewe kutombishia mwalimu. Akavipanga, akaanza.

Vibao vya kwanza vilitoka na herufi nene, rangi ya kahawia hafifu, kingo zake kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya gazeti. Tukasema moto ni mdogo, aongeze nguvu. Akaongeza. Vilivyofuata vikawa vyeusi, moshi ukapaka mbao pembeni, na herufi zikazidi kunona. Alipofika kwenye vibao vya milimita 12, ile pua ya mashine, yaani mdomo wa chini anakotokea mwale, ilikuwa inapita juu ya ubao kwa nafasi ndogo sana, karibu iguse. Tuliliona hilo kwa macho yetu na halikutuambia kitu.

Wanafunzi mtakumbuka tunavyosumbuana darasani juu ya nukta. Yaa katikati ya neno ina nukta mbili chini. Zikiungana zikawa doa moja, imekuwa baa. Kwa hiyo kila Maryam aliyekuwa kwenye orodha yetu alisomeka Marbam. Jina la Rahma lilikuwa baya zaidi. Juu ya haa kuna sukuni, kile kiduara kidogo, na mwale mnene ulikijaza kikawa nukta, basi haa ikawa khaa. Jina lenye maana ya rehema likageuka neno linalokaribiana sana na jina la Kiarabu la ndege wa jamii ya tumbusi, mla mizoga. Kwenye orodha yetu akina Rahma ni watatu. Tukawaza mama zao wakisoma.

Vibao 14 vilikuwa vimekwisha haribika tulipomsimamisha kijana. Na hapa tunaomba mtusamehe kwa tutakayoyasimulia. Tulimsema, na dukani walikuwamo wateja wanne, na mmoja wao ni mzazi wa madrasa yetu. Tulimwambia anachezea pesa za watoto. Tena mmoja wetu akaongeza kwamba haishangazi, kwani hata kusoma aliacha katikati. Kijana alizima mashine, akainamisha kichwa, akaanza kufagia.

Fundi alirudi kutoka msikitini. Ni mtu mzima, anakaribia umri wa baba zetu. Hakugombana na yeyote. Alichukua sampuli yake akaiweka mezani, akachukua kimoja cha vibao vyetu akakiweka ubavuni mwake, kisha akapitisha ukucha kutoka kimoja kwenda kingine. Ukucha ukagonga. Akasema, "Ustadh, mbao hizi mmezitoa wapi?" Tukamwambia. Akatoa kalipa, akapima: 9 na kidogo. Akapima kingine: 12. Akamtazama kijana wake, akamwuliza kama aliliona hilo. Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba aliliona na alisema. Fundi akatugeukia. Hakutuuliza kitu, na ingekuwa nafuu kama angetuuliza.

Akaanza kutueleza, na maelezo yake tunayaandika hapa kwa urefu kidogo kwa sababu ni elimu.

Mwale wa leza unapotoka kwenye bomba la kioo ndani ya mashine huwa na upana wa milimita kadhaa. Unaelekezwa na vioo vitatu mpaka kwenye kichwa, na ndani ya kichwa kuna lenzi. Lenzi inaukusanya uwe mwembamba kadiri unavyoshuka, mpaka mahali pamoja ambapo unakuwa mwembamba kabisa, mdogo kuliko sehemu ya tano ya milimita. Mahali hapo panaitwa fokasi. Ukipita hapo unaanza kutanuka tena. Kwa hiyo mwale una umbo la shanga mbili za koni zilizogusana kwa ncha, na kazi ya fundi ni kuhakikisha uso wa ubao uko penye ncha. Lenzi ya mashine ile fokasi yake iko milimita 50.8 kutoka kwenye lenzi, na uvumilivu wake ni kama milimita moja juu na moja chini. Kibao chetu cha milimita 9 kilikuwa juu ya mahali pake kwa milimita 3, na cha 12 kwa milimita 6.

Tukamwuliza, mbona basi kuongeza nguvu hakukusaidia? Akachora duara kwenye boksi la karatasi. Akachora la pili lenye upana mara mbili. Duara la pili, akasema, eneo lake si mara mbili bali mara nne. Nguvu ileile imeenea mahali mara nne zaidi, kwa hiyo kila sehemu inapata robo ya joto. Ukitaka kurudisha joto lile inakubidi nguvu mara nne, na ukiipata, kalamu bado ni nene. Utachoma sana, lakini herufi haitanyooka.

Basi ilibidi kushusha meza, lakini kwa kiasi gani, na kipimo kimepotea? Kile kipimo alichokuwa anakitafuta kijana kilikuwa kipande cha akriliki tu. Unakisimamisha juu ya ubao, unapandisha meza mpaka kiguse pua, unajua uko penye fokasi. Hakikuwa na thamani ya shilingi mia mbili. Kilikuwa kimepotea kwenye takataka, na hatukujua fundi angefanya nini bila hicho.

Alichofanya kilitufundisha zaidi ya mengi tuliyowahi kusoma. Alimwambia kijana, "Haya, ipime upya." Naye yule kijana, ambaye dakika kumi zilizopita tulimwita mvivu, alichukua kipande cha mbao chenye urefu wa milimita 200, akainua ncha yake moja kwa milimita 20, ukawa mteremko. Akashusha meza mpaka ncha ya juu ikapita chini ya pua kwa nafasi ya milimita 2. Akaweka nguvu ndogo, akaichora mashine mstari mmoja mrefu kutoka juu ya mteremko mpaka chini.

Mstari ule tuliutazama sote pamoja na wateja. Juu ulikuwa mnene na hafifu. Ulivyoteremka ukawa unakonda na kukoza rangi, kisha kipande kidogo ukawa mwembamba kama unywele mweusi, halafu ukaanza kunenepa tena mpaka mwisho. Kijana akapima kwa rula sehemu iliyokonda: ilianzia milimita 45 kutoka ncha ya juu, ikaishia milimita 65. Katikati yake ni 55. Na kwa kuwa mteremko ulishuka milimita 1 kwa kila milimita 10 za mbao, milimita 55 ni kushuka kwa milimita 5 na nusu. Ongeza zile 2 za mwanzo. Umbali sahihi kutoka puani mpaka kwenye ubao ni milimita 7 na nusu. Hesabu hiyo aliifanya kichwani. Wanafunzi wa darasa la tatu, ifanyeni tena wenyewe muone kama amekosea.

Kisha akaweka karatasi ya akriliki kwenye mashine, akaikata ukanda wa upana wa milimita 7 na nusu, na hicho ndicho kikawa kipimo kipya. Mashine imejikatia kipimo chake yenyewe. Akakitoboa tundu, akakifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza.

Vibao 22 vilivyobaki vilichorwa jioni ile, vya 9 peke yake na vya 12 peke yake, na kila kundi meza ilipimwa upya. Vile 14 vilivyoharibika vilipigwa msasa upande wa nyuma, vikageuzwa, vikaandikwa tena. Ndiyo sababu, ndugu wazazi, ukikigeuza kibao cha mtoto wako unaweza kukuta maandishi mengine. Tungeweza kuyafuta, ila yalikuwa yamezama, na msasa ungekula tabaka la juu lote. Gharama ya muda wa mashine kwa mara ya pili tulilipa sisi walimu kutoka mifukoni mwetu. Haikutoka kwenye michango yenu, na hesabu iko ofisini kwa anayetaka kuiona.

Baada ya hafla tulilirudia jambo hili darasani, safari hii kwa jua. Tuliwatoa wanafunzi uani saa tano asubuhi na kioo cha kukuzia, karatasi nyeusi na rula. Ukikiweka kioo karibu sana na karatasi unapata duara kubwa la mwanga lisilounguza. Ukikipandisha polepole duara linapungua, mpaka kwenye sentimita 10, kwa kioo chetu, likawa nukta ya milimita moja na karatasi ikaanza kutoa moshi. Ukizidi kupandisha, moto unazimika. Wanafunzi walishangaa kusikia kwamba nukta ile ni picha ya jua lenyewe. (Watoto, jaribio hili ni pamoja na mwalimu au mzazi tu. Usitazame jua kupitia kioo hata mara moja, jicho nalo lina lenzi na litaungua ndani vilevile. Na mwale wa mashine ile ya leza hauonekani kabisa kwa macho, ndiyo maana fundi hafungui kifuniko ikiwa inafanya kazi.)

Wengi walidhani haya ni mambo ya Wazungu na Wachina. Tukawaeleza kwamba karibu mwaka 984, huko Baghdad, aliishi mwanachuoni aitwaye Ibn Sahl, aliyeandika juu ya vioo na lenzi za kuunguzia. Swali lake lilikuwa lilelile la pale Gerezani: lenzi iwe na umbo gani ili mwanga wote ukusanyike mahali pamoja, kwa umbali uliokusudiwa, uwashe moto? Katika kulijibu alifikia kanuni ya kupinda kwa mwanga, ambayo Ulaya iliandikwa zaidi ya miaka 600 baadaye. Kurasa za kazi yake zilitawanyika kati ya Damascus na Tehran, na ni hivi karibuni tu, mwaka 1990, mtafiti Roshdi Rashed alipozichapisha uchambuzi wake baada ya kuziunganisha. Baada ya Ibn Sahl akaja Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefia Cairo karibu mwaka 1040, mwenye kitabu mashuhuri cha mwanga na kuona. Leza yenyewe ni ya juzi: Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza Marekani mwaka 1960, na aina hii ya gesi ya kabonidioksidi, inayochora vibao vyetu, ilitengenezwa na Kumar Patel, mzaliwa wa India, mwaka 1964.

Sasa turudi kwa kijana. Tulimwomba radhi siku ileile, pembeni, na akasema yamekwisha. Lakini wale wateja wanne walikuwa wameshaondoka na maneno yetu ya mwanzo, na yule mzazi mmoja aliyafikisha mtaani. Wiki mbili baadaye tukasikia kuna mtu aliyekuwa na kazi ya beji ameipeleka kwingine kwa kuwa "pale kuna kijana anaharibu". Tulikwenda kwa mtu huyo tukamweleza. Alisikiliza, ila kazi alikuwa ameshaitoa. Hatuwezi kuwafikia wengine wote waliosikia, ndiyo maana tunayaandika hapa kwenye jarida linaloingia kila nyumba ya mwanafunzi wetu: kijana yule hakuharibu kitu. Alituambia mbao ni nene, akaomba muda wa kutafuta kipimo, tukamkatalia, kisha tukamlaumu. Na lile neno la kuacha kusoma halikuwa na mahali pake kabisa.

Mwaka huu wahitimu ni 41. Vibao tumempa yeye, na safari hii plaiwudi ni ya dukani kwao, milimita 6. Tulimwomba pia ule ubao wa mteremko akatupatia. Uko dirishani, darasa la tatu, wenye mstari wake mnene, mwembamba, mnene. Anayetaka kuutazama aje baada ya Alasiri, na tafadhali msiupapase sana kwa mikono yenye mafuta ya maandazi, umeshaanza kufifia pale penyewe kwenye 55.